Kabla Pembe Haijafika Mdomoni

Siku ya ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, mwenye siku hana kazi ila kujificha. Wageni wanaimba langoni, wazee wanabishana chini ya hema, nyama inanukia mpaka kwa jirani, na yeye amefungiwa chumbani na wasichana wenzake, akichungulia pazia kama mtoto aliyekatazwa kwenda kucheza.

Mwihaki alikuwa akichungulia tangu saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, muuzaji wa mbegu na dawa za mifugo mjini Eldoret, mwanamke aliyejua kumtuliza mkulima aliyefiwa na ng'ombe, lakini siku hiyo mikono yake mwenyewe ilikataa kutulia. Kila alipoinua pazia, macho yalimtafuta mtu mmoja, na kila mara yalimpata. Meja Kipkoech hakuwa mtu wa kupotea katika umati. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, sare ya jeshi la anga imemkaa barabara, na kifuani alikuwa na nishani ya ushujaa aliyovishwa miaka mitatu iliyopita. Mjomba wake, Mzee Kiptoo, ndiye aliyeamuru avae hiyo sare. "Tunaenda kwa Wakikuyu," alikuwa amesema kule kwao Moi's Bridge. "Hao ni watu wa kuona kitu na macho."

"Aki Mwihaki, wacha hiyo pazia," alisema Ciru, binamu yake. "Utammaliza huyo mwanaume kabla hata hajakuoa."

"Namwangalia tu."

"Unamwangalia kama chapati."

Wasichana wakacheka, naye Mwihaki akacheka. Ningependa kusema kwamba hakucheka tena siku hiyo kwa sababu ya uchovu, lakini ningekuwa nadanganya, na katika habari hii waongo wametosha.

Mapenzi yao yalianza matangani. Kuria, ndugu wa pekee wa Mwihaki, alikuwa mwanajeshi, na aliuawa vitani ng'ambo ya mpaka, kambi yao ilipovamiwa alfajiri. Helikopta moja tu ndiyo iliyothubutu kutua katikati ya risasi, ikawatoa majeruhi tisa. Rubani alikuwa Kipkoech. Wiki moja baada ya mazishi alikuja Yamumbi, nyumbani kwao Mwihaki, kofia mkononi, kuwapa pole wenye msiba. Aliwaambia kwamba alipofika Kuria alikuwa ameshakufa, tena kwa haraka, bila maumivu. Mama Kabura, mama yao, alimkumbatia mlangoni kama aliyefufukiwa na mwanawe. Mwezi uliofuata akarudi na maziwa. Mwezi mwingine akarudi bila sababu, akakaa na Mwihaki barazani hadi chai ikapoa, na hakuna aliyekumbuka kuinywa.

Mzee Gichuru, kaka ya marehemu baba yao, aliipinga posa hii tangu mwanzo. Alikuwa na sababu zake, za tangu miaka ile makabila haya mawili yalipochomeana nyumba baada ya uchaguzi, na watu wa rika lake pale Yamumbi hawahitaji kuelezwa sababu hizo. "Wanaume ni wengi," alisema. "Lazima aende kwa hawa?"

Mama Kabura ndiye aliyemziba mdomo. "Gichuru, siku mwanangu anapigwa risasi, nani wa kwetu alienda kumchukua? Huyu alienda. Hata kama alichelewa, alienda."

Neno hilo likamaliza kesi. Kuanzia siku hiyo mama alimwita Kipkoech mwanangu, na kila Jumapili aliyokuwa likizo alikula kwake.

Jambo moja tu lilibaki likimtafuna mama. Kila alipompigia Kuria simu, salamu yake ilikuwa ni hiyo hiyo: "Umekula?" Jioni ile ya mwisho aliuliza, na Kuria akacheka. "Bado, Mama. Chakula bado hakijafika." Alfajiri kambi ikavamiwa. Basi mama akabaki na hilo moyoni, kwamba mwanawe alikufa na njaa. Alimuuliza Kipkoech mara tatu, mara nne, hata mbele ya mchungaji, kama kijana hakuacha neno lolote. "Hapana, Mama," Kipkoech alijibu kila mara. "Nilimkuta ameshatulia." Na tangu msiba ule, Mama Kabura hakupakua chakula bila kusimama kidogo, mwiko juu ya sufuria, kabla ya kujaza sahani.

Sasa rudi kwenye hema. Mzee Kiptoo alikuwa amesikia kwamba wazee wa Kikuyu wanaweza kukalia posa mpaka jua lizame, wakiuliza hili na lile. Akaamua kuja na shahidi. Bila kumwambia Kipkoech, alimtafuta mmoja wa wale majeruhi tisa, koplo mstaafu aitwaye Collins, kutoka upande wa Kitale, aje asimame mbele ya wakwe aeleze ni mwanaume wa aina gani anayeoa. Mzee alijiona mjanja sana. Wazee wetu bwana, wakitaka kusifu hawajui kuuliza kwanza.

Zamu ya Collins ilikuwa haijafika. Jua lilikuwa kali, na mguu wake wa bandia ukaanza kumchubua, ndipo shangazi Waiyego akamwingiza sebuleni apumzike. Mwihaki akasikia kishindo cha mkongojo, akatoka chumbani na glasi ya maji. Alimkuta mgeni hajakaa. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya Kuria ukutani, kofia ameivua.

"Samahani, dada," alisema. "Huyu ni Njenga."

"Ni ndugu yangu. Kuria Njenga. Ulimjua?"

"Kumjua?" Collins alipokea maji, lakini hakunywa. "Dada, mimi niko hai juu ya huyu. Hakuna mtu aliniambia tunakuja kwao! Mzee aliniambia ni ruracio ya Afande, nije tu niseme vile alituokoa."

"Asante kwa kuja. Na pole kwa mguu."

"Mguu ni kitu gani? Yeye ndiye alinibeba mgongoni mpaka kwa ndege. Akanilaza hapo kwa mlango, akapanda, akashika hii paja na mikono mbili ndio damu isimwagike."

Mwihaki alidhani amesikia vibaya. "Akapanda wapi?"

"Kwa helikopta."

"Kuria alikuwa amekufa helikopta ikifika."

Collins alimtazama, akatazama picha, akamtazama tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga mahali asipopajua.

"Nani aliwaambia hivyo?" aliuliza polepole. Kisha akaona heri amalize alichoanza. "Dada, tulikuwa kumi ndani. Injini ilikuwa imepigwa, ndege ikakataa kuinuka. Afande akageuka akasema mmoja ashuke, yule hajaumia. Na hajaumia ni yeye peke yake. Hakubishana. Alinigusa hapa begani, akashuka, akaenda kwa dirisha ya Afande wakaongea kidogo. Ndio tukainuka."

"Waliongea nini?"

"Na kelele ya ndege, ningesikia nini? Niliona tu midomo."

Mwihaki alirudi chumbani akatembea moja kwa moja hadi kwa Ciru. "Niitie Kipkoech. Aje kwa stoo ya mahindi."

"Umeshikwa na nini? Hafai kukuona mpaka akuchague!"

"Ciru, enda."

Stoo ilikuwa nyuma ya jiko, magunia yamepangwa hadi darini, kuku wawili wamejilalia mlangoni. Kipkoech aliingia akiinama kidogo, kwa tabasamu lile lililokuwa likimyeyusha Mwihaki miaka yote miwili ya uchumba.

"Ulishindwa kungoja saa moja tu?"

"Kuria alikuwa hai."

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, halina kazi tena, kisha likaondoka.

"Niambie Collins ni mwongo," alisema Mwihaki, na sauti yake ilikuwa ikimbembeleza. "Yuko hapo sebuleni. Niambie vita ilimchanganya akili. Ukiniambia, nitakuamini."

Kipkoech alivua kofia. "Collins amekuja? Nani…" Akaacha. "Collins hajui kudanganya."

Mtu akipenda huwa na tumaini la kijinga mpaka dakika ya mwisho, na la Mwihaki liliishia hapo, kati ya magunia.

"Ulimshusha."

"Nilisema mmoja ashuke. Mwihaki, tungebaki wote pale. Wale kumi na sisi wawili wa mbele. Nilimwambia nitarudi kwa dakika ishirini, na nilitaka kurudi! Tulipotua, ile ndege haikuwaka tena. Niliomba nyingine, nikalia kama mtoto mbele ya wakubwa. Ilipopatikana ilikuwa saa tano, na Kuria alikuwa ameshakufa."

"Hiyo sikulaumu."

Kipkoech aliinua uso, asiamini.

"Unadhani mimi ni mtoto?" alisema Mwihaki. "Kuria angeshuka hata bila kuambiwa. Alikuwa mtu wa kushuka. Mimi nakuuliza kwa nini ulimdanganya mama yangu."

"Nilikuja kusema. Siku ile ya kwanza nilipanga maneno kutoka Nairobi mpaka hapa. Mama yako akafungua mlango, akanikumbatia, akasema asante kwa kwenda. Wakubwa wamenipigia saluti, lakini hakuna mtu amewahi kunishukuru hivyo. Maneno yakakwama. Nikajiambia nitasema mwezi ujao. Mwezi ujao nikakuona wewe."

"Usinitie mimi kwa uongo wako."

"Wewe ndiye sababu! Ningesema ningekupoteza."

"Basi umeniharibia hata kupendwa," alisema Mwihaki. "Kila siku uliyonipenda ulikuwa unaficha kitu. Nitajuaje gani ilikuwa mapenzi na gani ilikuwa woga?"

Kipkoech akanyoosha mkono amguse shavu. Mwili wa Mwihaki ulitaka kuusogelea mkono ule. Ulikuwa umeuzoea, na mwili hauna akili. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga gunia.

"Kwa dirisha. Mliongea nini?"

Kipkoech alitazama kuku. Huko nje wageni walikuwa wameanza wimbo mwingine.

"Mwihaki, hilo liache."

"Sema."

"Alinishika mkono." Aliutazama mkono wake. "Akasema, 'Afande, ukifika kwetu kabla yangu, mwambie mama nilikula.'"

Mwihaki akakaa juu ya gunia. Hakulia. Aliona meza ya kwao, Jumapili moja baada ya nyingine, na mama yake amesimama na mwiko juu ya sufuria.

"Ulikuwa unakula kwake," alisema taratibu. "Anakupakulia nyama, anakwambia ongeza, mwanangu, mwenzako hakupata. Na wewe unaongeza."

"Mwihaki…"

"Neno moja, Kipkoech! Ungesema uliskia kwa mtu. Ungemtuma Collins. Ungeandika hata kwa karatasi ukaacha mlangoni usiku ukimbie!"

Kipkoech aligeuza kofia mkononi. Nishani ilikuwa ikipanda na kushuka kifuani kwa pumzi. Wimbo wa nje ukakoma, na sauti ya Mzee Gichuru ikasikika ikiwaita wasichana watoke.

Mwihaki aliinuka, akajifuta vumbi la mahindi. "Nakupenda," alisema, na aliyatema maneno hayo kwa hasira. "Mungu anisamehe, hata sasa nakupenda. Kwa hivyo nisikilize. Kabla ile pembe ya uji wa posa haijafika mdomoni mwangu, mama awe ameyasikia hayo maneno, na ayasikie kwako. Mengine tutaongea sisi wawili. Ukisema, nitakunywa. Ami yangu akitaka apasuke, nitakuwa mke wako. Usiposema…"

"Mbele ya watu wote?"

"Si risasi ulizivuka?"

Akatoka, kuku wakaruka.

Walitolewa wasichana saba, wamefunikwa leso kutoka utosini hadi vifundoni, wamejipanga kama magunia ya siku ya soko, na Kipkoech akaambiwa achague aliye wake. Yeye na Mwihaki walikuwa wamekula njama wiki nzima kabla: Mwihaki angetikisa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Sasa alisimama tuli ndani ya giza la leso. Alizisikia hatua zikipita, zikirudi, zikisimama mbele yake. Mkono ukamgusa begani bila kusita. Wanawake wakapiga vigelegele, leso ikavutwa, na mbele yake ukawa uso wa mwanaume aliyemjua hata bila kidole kutikisika. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kumjua alimjua, tena vizuri.

Mila ya kwao inataka hivi: kinywaji cha wakwe hakinywewi mpaka binti aulizwe. Baba humjazia pembe ya ng'ombe, humuuliza mbele ya wote kama anawajua hawa watu na kama wazee wanywe. Akionja na kurudisha, ameposwa. Kwa vile Mama Kabura alikuwa mzee wa kanisa, pembe ilijazwa uji uliochachushwa badala ya pombe, wazee wakanung'unika kimoyomoyo, lakini pembe ni pembe. Mzee Gichuru, aliyesimama mahali pa baba, aliinua mkono watu wanyamaze.

Kabla hajafungua mdomo, Kipkoech alisimama.

"Mzee, naomba neno moja."

Mwihaki akainua uso. Sema, alimwomba kwa macho. Sema, mpenzi, unipeleke nyumbani.

Kipkoech akamgeukia Mama Kabura. "Mama."

"Sema, mwanangu," alijibu Mama Kabura. Alikuwa amefunga kitambaa kipya cha samawati, na alimwinulia uso uliojaa upendo wa miaka mitatu. Hata kuku wangeweza kuona jinsi alivyompenda.

Rubani aliutazama uso ule. Midomo ikafunguka. Mtu huyu alishusha helikopta katikati ya moshi na chuma, watu wakamfungia nishani kifuani, na haki yake alipewa. Lakini kuna uwanja ambao hata yeye hakuweza kutua.

"Nilitaka tu kusema asante, Mama," alisema. "Kwa vile ulinipokea."

Hema lote likapiga makofi. "Rubani wetu!" alipaza sauti Mzee Kiptoo, akipiga fimbo chini kwa furaha. Kipkoech akakaa. Hakumtazama Mwihaki.

Mzee Gichuru akamkabidhi binti pembe. "Mwihaki, unamjua huyu mtu? Tunywe?"

Uji ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na haukumwagika hata tone. Mikono yake ilikuwa imetulia sasa.

"Nilidhani namjua, Baba," alisema. "Msinywe."

Mwanzoni watu walicheka, wakifikiri ni madaha ya wasichana. Kisha wakamwona akiweka pembe mezani, na kicheko kikafa upande mmoja wa hema baada ya mwingine. Mzee Kiptoo akainuka, akauliza kwa sauti kuna nini, kwani wamekosea wapi? Mwihaki alimpita. Alienda akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mama. Kuria alikuwa amekula."

"Unasema?"

"Alitaka uambiwe. Ndege ilimkuta hai, Mama. Alimwambia Kipkoech, 'Mwambie mama nilikula.'"

Mama Kabura hakupiga kelele. Aliitoa mikono yake mikononi mwa bintiye, akainuka, akapita katikati ya viti vya wenyeji na wageni, watu wakivuta miguu kumpisha, mpaka akafika mbele ya yule aliyekuwa akimwita mwanawe. Kipkoech akasimama wima kama mbele ya jenerali. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola ya sare, na alikuwa tayari kwa kofi, kwa laana, kwa lolote.

"Alikula nini?" aliuliza Mama Kabura.

Kipkoech aliitazama pembe pale mezani.

"Alikula nini, mwanangu?"

"Sijui, Mama," alinong'ona. "Sikumuuliza."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mzee Gichuru, ambaye kwa haki angeshangilia, alikuwa ameinamia fimbo yake kama mtu aliyefiwa upya. Kwa upande wa wageni, Mzee Kiptoo alikuwa ameanza kukusanya watu wake waondoke.

"Kaeni," alisema Mama Kabura bila kugeuka. "Hakuna mtu anatoka kwangu na njaa."

Akajifunga leso kiunoni, akaenda kwenye masufuria. Alipakua yeye mwenyewe, akiwafuata wageni mmoja mmoja, wazee kwanza, kisha Collins na mguu wake, kisha vijana. Mwihaki alimfuata nyuma na sahani, haoni vizuri kwa machozi, lakini hili aliliona: kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, mwiko wa mama yake haukusimama juu ya sufuria. Ulizama, ukapanda, ukajaza.

Wakafika kwa Kipkoech mwisho. Mama akampakulia kama alivyowapakulia wengine, nyama na viazi na mchuzi, akapita. Hakumwambia aongeze.